Kodi ya Jengo Ikipanda: Mpaka wa Serikali na Mpaka wa Mwenye Nyumba

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), Aali zake na Sahaba zake wote. Amma baad.



Tumeletewa suala na familia moja ya Wete, Pemba. Tumeona tulijibu kwa urefu kidogo, kwa sababu watu wa visiwani wenye nyumba Bara ni wengi, na wenye nyumba za kupangisha hapa Unguja na Pemba ni wengi zaidi. Asiyekuwa na nyumba ni mpangaji, naye pia ana haki ya kuyajua haya.

Suala

Baba yetu ana umri wa miaka 71. Tangu ujana wake alifanya biashara ya mpunga katika bonde la Kilombero, akajenga nyumba ya vyumba sita Mbingu, ukishaipita Ifakara. Sasa amerudi Pemba na nyumba imepangishwa. Ina mita moja ya LUKU, na wapangaji wananunua umeme kwa zamu. Kila mwezi mita inakata kodi ya jengo. Ilianza shilingi 1,000, sasa ni 1,500. Kaka yetu mkubwa anataka kila chumba kiongezwe shilingi 2,000 kwa mwezi, kwa hoja kwamba kodi ya serikali imepanda. Dada yetu anasema hiyo ni dhulma, na kwamba hata hizo 1,500 ni za baba kuzilipa. Mjomba wetu anasema kodi zote za serikali ni haramu toka asili yake, hivyo hakuna dhambi kuzikwepa. Baba ametia nia ya Hija na anataka aondoke dhima yake ikiwa safi. Tunaomba mtufahamishe: kodi hii ni halali? Kupandishwa kwake kuna mpaka? Nani anadaiwa? Na je, inahesabika kuwa zaka?

Jibu: kwanza tutenganishe kodi mbili

Lugha yetu imebebesha neno moja mambo mawili. Anachompa mpangaji mwenye nyumba tunakiita kodi, na kinachochukuliwa na serikali juu ya jengo nacho tunakiita kodi. Kwa sababu hiyo hukumu zinachanganywa, na hata hesabu zinachanganywa. Katika jibu hili, ya kwanza tutaiita kodi ya pango na ya pili tutaiita kodi ya jengo.

Kodi ya pango ni malipo ya ijara. Ni makubaliano baina ya watu wawili, na msingi wake ni kuridhiana. Kodi ya jengo ni amri ya sheria ya nchi, na anayeamrishwa ni mmiliki wa jengo. Mwenye kushika tofauti hii amekwishapata nusu ya jibu.

Kodi ya jengo ilivyofika kwenye mita

Mbingu ni kijiji cha wakulima wa mpunga, kusini magharibi ya Ifakara, kwenye njia ya reli ya TAZARA, ndani ya Halmashauri ya Wilaya ya Mlimba, mkoa wa Morogoro. Zamani kodi za majengo Tanzania Bara zilikusanywa na halmashauri zenyewe. Mwaka 2016 kazi hiyo ilihamishiwa Mamlaka ya Mapato, yaani TRA. Baadaye ikawekwa thamani moja kwa nyumba za kawaida, shilingi 10,000 kwa mwaka, na mwenye nyumba alitakiwa aende akalipe mwenyewe.

Mwaka 2021 Sheria ya Fedha ilibadilisha njia ya ukusanyaji. Kuanzia tarehe 20 Agosti 2021 kodi ya jengo ikawa inakatwa pale mtu anaponunua umeme wa LUKU, ambayo ni kama TUKUZA yetu huku visiwani. Nyumba ya kawaida ilikatwa shilingi 1,000 kwa mwezi, sawa na 12,000 kwa mwaka. Kuanzia Julai 2023 ikapanda kuwa shilingi 1,500 kwa mwezi, sawa na 18,000 kwa mwaka. Nyumba za ghorofa zina viwango vyao, ambavyo ni vikubwa zaidi.

Tuitazame hesabu hiyo. Kutoka 10,000 hadi 12,000 ni ongezeko la asilimia 20. Kutoka 12,000 hadi 18,000 ni ongezeko la asilimia 50, na kati ya ongezeko moja na jengine haikutimia hata miaka miwili. Kwa shilingi, fedha si nyingi, na mwenye vyumba sita hatoshindwa kuilipa. Lakini suala la mpaka haliangalii ukubwa wa fedha ya leo peke yake. Linaangalia kama kuna kitu kinachozuia isiruke tena kesho. Kiwango kimeandikwa katika sheria inayopitishwa na Bunge, na hilo ni jambo zuri, kwani mkusanyaji hawezi kujitungia kiwango chake. Lakini haikuwekwa asilimia ya juu kabisa ambayo kodi isiivuke kwa mwaka mmoja. Kila Juni Bunge laweza kuiacha ilivyo, kuipunguza au kuipandisha.

Je, serikali ina haki ya kutoza zaidi ya zaka?

Mjomba anayesema kodi zote ni haramu hakuzua maneno yake. Mtume wetu (S.A.W.) amekemea vikali maksi, yaani tozo za dhulma zilizokuwa zikichukuliwa kwa wafanyabiashara na wapita njia bila ya haki. Katika hadithi aliyoipokea Uqba bin Amir, na imo katika Sunan ya Abu Daud, mwenye kuzitoza ametishiwa kukoseshwa Pepo. Hilo si kemeo jepesi.

Lakini maulamaa hawakuichukua hadithi hiyo kuwa ni hukumu ya kila mchango unaotakiwa na mtawala. Katika Suratul Baqara, aya ya 177, Mwenyezi Mungu Mtukufu ametaja kutoa mali kwa jamaa, mayatima, masikini na wasafiri, kisha akaitaja zaka peke yake. Wakafahamu kutokana na hapo kuwa mali ina haki nyengine zaidi ya zaka pale haja inapotokea. Imam al-Ghazali, aliye wa madhehebu yetu ya Shafi, na Imam al-Shatibi wa Andalusia, aliye wa Maliki, wote wamekubali mtawala kuwatoza wenye uwezo wakati hazina haina kitu na haja ya umma ni ya kweli.

Wakaweka na masharti. Imam Izzuddin bin Abdissalam alipotakiwa fatwa Misri ya kuwatoza raia kwa ajili ya vita na Watatari, aliwataka watawala na majemadari watoe kwanza dhahabu na mapambo yao, wawe sawa na watu wa kawaida. Imam Nawawi, ambaye Minhaj yake na Riyadh yake tumezisoma vyuoni tangu utoto, alimkabili Sultani Baybars kule Sham kwa hoja ya namna hiyo hiyo. Hawakusema kodi ni haramu moja kwa moja, wala hawakusema kila kodi ni halali maadamu mtawala ameitaka. Kwa kukusanya maneno yao, masharti ni manne: haja iwe ya kweli, fedha itumike pale ilipokusudiwa, mzigo ugawanywe kwa uadilifu, na anayetozwa aweze kuubeba.

Kwa hivyo, kodi ya jengo iliyowekwa kwa sheria, inayojulikana kiwango chake, kwa ajili ya huduma za watu wote, kwa asili yake inaruhusiwa na inapasa kulipwa. Mbingu wana haja ya barabara, zahanati na skuli kama sisi tulivyo na haja nazo. Kumpa mtu njia ya kukwepa, kama vile kuandikisha jengo kwa jina lisilo lake au kuvuta umeme kwa jirani ili mita yake isikatwe, ni udanganyifu, na udanganyifu haugeuki halali kwa sababu unayemdanganya ni serikali. Ukiona kodi imezidi, sema waziwazi, maana hilo ni haki yako.

Mpaka wa kupandisha

Hapa tufungue moyo, kwa sababu sheria yetu tukufu ina mengi ya kutufunza.

Angalia zaka yenyewe. Fedha na biashara ni robo ya ushuri, asilimia mbili na nusu. Ilikuwa hivyo katika zama za Sahaba na itakuwa hivyo mpaka Kiyama. Tajiri anajua, masikini anajua, na mkusanyaji anajua. Mazao yanayonyeshewa na mvua ni moja katika kumi, na yanayomwagiliwa kwa gharama ni moja katika ishirini. Mkulima wa mpunga wa Mbingu anayetegemea mvua na maji ya bonde anatoa ushuri kamili, na yule anayenunua mafuta ya pampu anatoa nusu yake. Mwenyezi Mungu, ambaye mali yote ni yake, amempunguzia mja wake kwa kuwa gharama yake imezidi. Na Mtume (S.A.W.) alipomtuma Muadh bin Jabal Yemen kuchukua zaka, alimuonya ajiepushe na mali zilizo bora na za kupendwa na wenyewe, na aiogope dua ya mwenye kudhulumiwa. Ikiwa mkusanyaji wa nguzo ya dini amewekewa mpaka, basi mkusanyaji wa kodi ya watu anastahiki zaidi.

Kisha tazama mwendo wa Sayyidna Umar bin al-Khattab (R.A.). Kodi ya ardhi ya Iraq aliwakabidhi kuipanga Hudhaifa bin al-Yaman na Uthman bin Hunaif. Imam Bukhari ameipokea habari kwamba siku chache kabla ya kuuliwa kwake, Umar aliwasimamisha watu wawili hao akawauliza kama hawakuibebesha ardhi jambo isiloliweza. Wakamjibu kuwa wameitoza kadiri inavyoweza kubeba. Hakuridhika kwa mara moja, akawataka waangalie tena. Kisha akasema kwamba Mwenyezi Mungu akimpa uhai atawaacha wajane wa Iraq katika hali ambayo hawatamhitaji mtu baada yake. Hazikupita siku nne akapigwa jambia. Angalia alivyopanga mambo: aliuliza kwanza kama watu wanaweza, na akilini mwake alikuwa na wajane.

Na Abu Yusuf, mwanafunzi wa Imam Abu Hanifa, alimuandikia Khalifa Harun al-Rashid kitabu kizima kuhusu kodi ya ardhi. Alimshauri aache kiwango kimoja kilichofungwa kwa kila kipande cha ardhi, achukue sehemu ya mazao, ili mwaka mbaya usimuangushe mkulima. Hoja hii inatufaa mpaka leo. Shilingi 18,000 ni ile ile kwa nyumba ya vyumba sita inayoingiza kodi ya pango kila mwezi, na ni ile ile kwa mjane wa Mbingu mwenye vyumba viwili vya matofali alivyoachiwa na mumewe. Ikipanda kwa asilimia 50, mwenye vyumba sita hajui kama imepanda. Mjane anajua.

Nchi nyengine zimejaribu kuuandika mpaka huu katika sheria. Katika jimbo la California, Marekani, wapiga kura waliamua mwaka 1978 kwamba thamani ambayo nyumba inatozewa isiongezwe kwa zaidi ya asilimia 2 kwa mwaka, mpaka nyumba itakapouzwa. Wazee wengi wenye nyumba walipumua. Lakini yakazaliwa mengine: majirani wawili wenye nyumba zinazofanana, mmoja analipa sehemu ndogo tu ya anayolipa mwenzake aliyenunua baadaye, na serikali za mitaa zikapungukiwa. Huko England, kwa sheria ya mwaka 2011, halmashauri ikitaka kupandisha kodi yake ya nyumba kupita asilimia iliyowekwa kwa mwaka huo, lazima kwanza iwaulize wakaazi kwa kura. Njia hii ya pili inafanana zaidi na shura: kupanda hakukukatazwa, lakini kunakuwa kwa kiasi, na kukizidi kiasi watu wanaulizwa.

Wala hatuna haja ya kwenda mbali. Wazee wa Ng'ambo, Unguja, wanayo kumbukumbu ya mwaka 1928. Watu walikuwa wamejenga nyumba zao juu ya ardhi za wengine, na wenye ardhi wakawa wanapandisha malipo ya ardhi bila ya kikomo. Watu wakagoma kulipa, wanaume na wanawake. Mwaka huo huo serikali ya wakati ule ikatunga sheria ya kuzuia malipo hayo yasipandishwe kiholela. Wazee wetu hawakudai wakae bure. Walidai kiwango kinachojulikana na kisichomtoa mtu nyumbani kwake.

Kwa hivyo msimamo wetu ni huu. Kodi ya jengo kupanda kwa kiasi, kufuatana na gharama za huduma, si dhulma. Kuizuia isipande kabisa nako si uadilifu, maana zahanati inayonunua dawa kwa bei ya leo haiwezi kuendeshwa kwa kodi ya miaka kumi iliyopita. Lakini kuiacha bila ya mpaka wa mwaka, ikasimama muda kisha ikaruka kwa nusu nzima, kunamkosesha raia kupanga maisha yake. Muislamu anapaswa kuomba mpaka huo uwekwe, na njia za kuomba zipo: kwa diwani, kwa mbunge, na kwa Kamati ya Bunge ya Bajeti, ambayo husikiliza maoni ya wananchi kabla ya Muswada wa Sheria ya Fedha kupitishwa mwezi wa Juni. Huko ndiko kuamrisha mema kwa adabu.

Nani anadaiwa kodi ya jengo?

Sasa turejee katika nyumba ya Mbingu, na hapa tunamuomba mzee wetu atustahamilie.

Anayedaiwa ni mmiliki wa jengo. Mita ya LUKU ni njia tu ya kukusanya. Haikuihamisha dhima kutoka shingoni mwa mwenye nyumba ikaiweka shingoni mwa mpangaji. Mpangaji anayenunua umeme na kukatwa shilingi 1,500 amemlipia mwenye nyumba deni lake, kama jirani anavyokulipia nauli ukiwa hukuchukua pesa. Kama hajasema kwamba amekusamehe, basi anakudai.

Dada amesema kweli.

Watu wengi hujibu: lakini wapangaji hawajalalamika. Ndugu zetu, ukimya si msamaha. Mpangaji hunyamaza kwa sababu anaogopa kuambiwa ahame, au kwa sababu hajui kwamba kile kinachokatwa si umeme. Mali ya mtu haihalaliki ila kwa ridhaa ya nafsi yake, na ridhaa inahitaji mtu kwanza ajue. Mwenyezi Mungu ametukataza katika Suratul Baqara, aya ya 188, kula mali baina yetu kwa batili, na wala hakutaja kiasi. Mia mbili na hamsini za chumba kimoja zimo humo.

Pengine wapangaji wa Mbingu si Waislamu wote. Ni bonde ambalo Waislamu na Wakristo wanaishi ukuta kwa ukuta. Hukumu haibadiliki hata kidogo. Mtume (S.A.W.) amesema kuwa yeye mwenyewe atakuwa mdai Siku ya Kiyama wa asiyekuwa Muislamu aliye katika ahadi akadhulumiwa. Nani anataka kuhudhuria hisabu hali ya kuwa mdai wake ni Mtume?

Je, mwenye nyumba anaweza kukubaliana na mpangaji kuwa kodi ya jengo iwe juu ya mpangaji? Anaweza, kwa masharti mawili. Kwanza, iwe imesemwa mwanzo wa mkataba, au katika mkataba mpya, na mpangaji ameridhika. Pili, iwe ni kiasi kinachojulikana, kihesabike kuwa ni sehemu ya kodi ya pango. Mafaqihi wa Shafi wameshikilia kwamba malipo ya ijara lazima yajulikane. Kumwambia mpangaji alipe chochote kitakachokatwa, leo 1,500 na mwakani Mungu anajua, ni kumtia katika kisichojulikana. Mwambie: kodi ya pango ni kiasi fulani, na ndani yake mna shilingi 250 za kodi ya jengo kwa kila chumba. Hapo mambo yamekuwa wazi.

Nyongeza ya shilingi 2,000

Kaka mkubwa anataka kuongeza shilingi 2,000 kwa kila chumba kwa sababu kodi ya serikali imepanda. Tufanye hesabu pamoja.

Kodi ya jengo ilipanda kwa shilingi 500 kwa mwezi. Ukizigawa kwa vyumba sita, kila chumba hakifiki shilingi 84. Shilingi 2,000 kwa vyumba sita ni 12,000 kwa mwezi, yaani 144,000 kwa mwaka. Kodi yote ya jengo kwa mwaka ni 18,000, na hiyo mpaka sasa inalipwa na wapangaji wenyewe kwenye mita. Kwa hivyo kaka anawataka wapangaji walipe kwa mara ya pili kitu walichokwishakilipa, tena mara nane yake.

Mwenye nyumba ana haki ya kupandisha kodi ya pango mkataba unapokwisha. Nyumba ni mali yake, na bati na rangi vimepanda bei. Sisi hatumzuii. Lakini asitaje sababu ya uongo. Akisema ni serikali, na serikali imechukua 84 na yeye amechukua 2,000, ameongeza uongo juu ya nyongeza, na amemchafua mwengine kwa faida yake. Na aangalie kiasi. Mpangaji wa chumba kimoja Mbingu ni mwalimu anayeanza kazi, au kijana wa bodaboda, au mama anayekoboa na kuuza mchele. Tulipokuwa tunazungumzia mpaka wa serikali sote tuliitikia. Mpaka huo huo tujiwekee na sisi: nyongeza ijulikane mapema, iwe kwa kiasi, na isimkute mtu katikati ya mkataba. Anayemuomba mtawala amhurumie, naye awahurumie walio chini yake.

Yaliyopita yarekebishwe vipi?

Mzee wetu ametia nia ya Hija, na kuziondoa haki za watu ni katika maandalizi ya safari. Hesabu yake si ngumu. Tukichukulia mita imekata kila mwezi, kuanzia Agosti 2021 mpaka Juni 2023 ni miezi 23 kwa shilingi 1,000, yaani 23,000. Kuanzia Julai 2023 mpaka Disemba 2024 ni miezi 18 kwa shilingi 1,500, yaani 27,000. Jumla ni shilingi 50,000. Kutoka hapo aongeze 1,500 kwa kila mwezi uliofuata mpaka siku atakayolipa.

Waliopo sasa wapewe sehemu yao mkononi, au wapunguziwe katika kodi ya pango ya mwezi unaokuja, na waelezwe kwa nini. Waliohama watafutwe. Namba za simu zipo, na kwenye kijiji watu wanajuana. Asiyepatikana baada ya kutafutwa kwa bidii, sehemu yake itolewe sadaka au iwekwe katika jambo la manufaa ya watu, kwa nia kwamba ni yake, na siku akitokea na kudai alipwe. Atakayesema kwa hiari yake kuwa amesamehe, baada ya kujua ni kiasi gani, msamaha wake unasihi.

Na kuanzia sasa, jambo jepesi kwa mzee ni kila mwezi kumrejeshea 1,500 yule ambaye zamu yake ya umeme imekatwa.

Zaka na msamaha wa wazee

Kodi ya jengo si zaka, wala haitoshi mahali pa zaka. Zaka ni ibada yenye nia, kiwango chake na watu wake wanane waliotajwa katika Suratut Tawba, aya ya 60. Nyumba yenyewe haitolewi zaka. Kodi ya pango iliyobaki mkononi, ikifika nisabu na ikapitiwa na mwaka, inatolewa robo ya ushuri. Kodi ya jengo iliyokwisha kulipwa haimo tena katika mali, kwa hivyo haihesabiwi.

Sheria ya Bara pia imewasamehe baadhi ya watu kodi ya jengo. Miongoni mwao ni mzee wa miaka 60 na zaidi au mtu mwenye ulemavu asiyekuwa na kipato, kwa nyumba moja anayoishi mwenyewe. Nyumba za udongo na za kuezekwa kwa nyasi za makaazi nazo zimesamehewa. Mzee wetu ana miaka 71, lakini haishi Mbingu na nyumba inamuingizia, hivyo msamaha huo si wake, na asiuombe. Bali mwenye jirani mjane au mzee anayestahiki, amsaidie kufuata haki yake, maana wengi wanakatwa bila ya kujua kuwa wamesamehewa. Hali kadhalika nyumba moja yenye mita mbili: kodi inakusudiwa ikatwe kwenye mita moja tu, na anayekatwa mara mbili apeleke taarifa TANESCO.

Muhtasari

1. Kodi ya jengo kwa asili yake inaruhusiwa na inalipwa. Kuikwepa kwa udanganyifu haifai.
2. Kupandishwa kwake kunatakiwa kuwe kwa kiasi, kujulikane mapema na kusimlemee asiyeweza. Kudai mpaka huo kwa njia za halali ni jambo jema.
3. Anayedaiwa ni mwenye nyumba. Kilicholipwa na mpangaji bila ya makubaliano ni deni.
4. Nyongeza ya kodi ya pango isisingiziwe serikali.
5. Kodi ya jengo si zaka.

Tunamwambia kaka mkubwa: usione umeshindwa na dada yako, kwani nyote mnatafuta radhi za baba yenu. Na tunamwambia mzee wetu: shilingi hamsini elfu na kidogo juu yake ni bei ndogo ya kufika Arafa ukiwa hudaiwi na mtu.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu awape viongozi wetu huruma kwa raia, awape wenye nyumba huruma kwa wapangaji, aibariki mpunga ya ndugu zetu wa Kilombero, na amkubalie mzee wetu Hija yake. Amin.

Wallahu aalam bissawab.